Mshipa wa Kichwani, Maradhi ya Moyoni

Katika karne ya 19, mtu akianguka ghafla, akapoteza kauli na kufa kwa damu kuvujia ubongoni, madaktari wa Ulaya walitazama kwanza umri wake. Kwa mzee jibu lilikuwa jepesi: mishipa imechakaa. Kwa kijana jibu hilo halikufaa. Mwaka 1869 William Selby Church, daktari wa Hospitali ya St Bartholomew's jijini London, alishughulika na vifo vya vijana wa namna hiyo, akaona jambo lenye kujirudia. Mshipa ulikuwa umetuna kabla ya kupasuka, na mwenye mshipa huo alikuwa pia na ugonjwa wa valvu za moyo. Church akaandika kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Kwa mtu wa leo hilo laweza kuonekana dogo, lakini historia nzima ya kutibu ugonjwa huu imejengwa juu yake, na mara nyingi madaktari waliposahau kuutazama moyo, wagonjwa wao walikufa.

Aneurizimu ni sehemu ya ateri ambayo ukuta wake umedhoofika hata msukumo wa damu ukaifutusha nje, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotuna pale ulipochakaa. Zile za kawaida za kichwani hukaa chini ya ubongo, kwenye maungio ya ateri kubwa, na nyingi hujengeka polepole bila mwenyewe kujua. Zinazotokana na maambukizi zina tabia nyingine kabisa. Huzuka mbali zaidi, kwenye matawi membamba yaliyotanda juu ya uso wa ubongo, hasa matawi ya ateri ya kati. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa nazo mbili au tatu. Na hazingoji miaka: huota kwa siku chache au majuma machache, zikakua, zikabadilika umbo, nyingine zikatoweka, nyingine zikapasuka. Ni ugonjwa unaoishi, na huo ndio ugumu wake.

Njia ambayo maradhi hupita kutoka moyoni hadi kichwani ilikuwa imekwisha kuelezwa kabla ya Church. Nchini Ujerumani Rudolf Virchow alithibitisha kwamba donge la damu linaweza kubanduka mahali lilipojengeka, likasafiri ndani ya mishipa na kuziba mshipa wa mbali. Mwaka 1852 William Senhouse Kirkes, ambaye naye alikuwa wa St Bartholomew's, alieleza jinsi vijinyama vinavyoota kwenye valvu za moyo vinavyomeguka na kubebwa na damu hadi kuziba ateri za ubongo. Moyo ukaingia katika orodha ya visababishi vya kiharusi.

Lakini kuziba ni jambo moja na kutuna ni jambo jingine. Kwa nini kipande kinachoziba ateri kiifanye ifutuke na kupasuka? Mwaka 1873 Emil Ponfick, mtaalamu wa Kijerumani wa uchunguzi wa maiti, alipendekeza kwamba vipande vingine vina ncha kali zilizogeuka chokaa, na ncha hizo huuchoma ukuta wa ateri kwa ndani kila moyo unapopiga. Ni dhana ya fundi makini, na mtu anaweza kuiona akilini. Kilichokosekana ndani yake ni kiumbe hai.

Aliyewaweka viumbe hao katikati ya mjadala ni William Osler. Alizaliwa Ontario, Kanada, mwaka 1849, na akiwa Montreal alifungua maiti kwa mamia kwa mikono yake mwenyewe. Machi 1885, akiwa tayari amehamia Philadelphia, alialikwa London kutoa mihadhara ya Gulstonian mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari. Akachagua kusema juu ya endokaditisi kali, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na valvu zake. Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza alikuwapo mwanamume wa miaka 30 ambaye aota yake, katika upinde unaotoka moyoni, ilikuwa na aneurizimu nne, na valvu yake ilikuwa imejaa vijinyama. Osler alipovitazama aliviona kama kuvu mbichi zilizochipua, akaziita aneurizimu hizo kwa jina linalotokana na kuvu. Jina hilo limebaki midomoni mwa madaktari hadi leo, ingawa wanaosababisha wingi wa aneurizimu hizi ni bakteria. Kuvu halisi zipo, kama vile aspajilasi na kandida, nazo zikifika kichwani hupenda ateri kubwa na huua zaidi. Ila ni nadra.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1887, Hans Eppinger alichapisha huko Ujerumani kazi kubwa juu ya asili ya aneurizimu. Aliweka ukuta wa mshipa uliotuna chini ya darubini na kukuta humo bakteria walewale waliokuwa kwenye valvu ya moyo. Hapo mambo yakakamilika: kijinyama kinameguka, kinasafiri, kinakwama kwenye tawi jembamba la ateri, na bakteria waliomo wanaanza kuula ukuta. Ateri za ubongo zina kuta nyembamba kuliko ateri nyingine zenye ukubwa huohuo mwilini, hivyo hazina kinga kubwa dhidi ya ulaji huo. Ncha ya Ponfick haikuhitajika tena.

Ujuzi huo wote haukumponya mtu hata mmoja. Inabidi kulisema hili wazi, kwa sababu historia za tiba hupenda kuruka kutoka ugunduzi hadi dawa kana kwamba kati yake hakuna makaburi. Kutoka Eppinger hadi dawa ya kwanza iliyofaa ilipita zaidi ya nusu karne. Katika muda huo madaktari walijifunza kuutambua ugonjwa mapema zaidi na zaidi, wakiwa hawana la kumpa mgonjwa. Huko New York, katika Hospitali ya Mount Sinai, Emanuel Libman aliufahamu ugonjwa huu wa moyo pengine kuliko mtu yeyote wa zama zake. Yeye na wenzake walikuwa stadi wa kuotesha damu ya mgonjwa maabara ili kumwona mdudu mwenyewe. Mwaka 1911 aliitwa kumtazama Gustav Mahler, mtunzi na kiongozi wa okestra aliyekuwa akiendesha maonyesho jijini humo huku ana homa isiyoisha. Msaidizi wa Libman, George Baehr, alichota damu na kuiotesha. Streptokokasi wakaota. Mahler alitaka aambiwe ukweli, akaambiwa, akaomba arudishwe Vienna akafie huko. Alifariki tarehe 18 Mei mwaka huohuo, akiwa na miaka 50. Mgonjwa mashuhuri, daktari bora kuliko wote, utambuzi sahihi, na hakuna dawa.

Mwaka 1923 Alfred Stengel na Charles Wolferth wa Philadelphia walikusanya taarifa za wagonjwa 217 wenye aneurizimu za bakteria, za kichwani na za sehemu nyingine za mwili. Ukisoma kazi za kipindi hicho unakuta ustadi mkubwa wa kueleza: ateri ipi, mdudu gani, mgonjwa aliishi siku ngapi. Ujuzi ulipatikana juu ya meza ya maiti na ukabaki hapo.

Kilichobadilisha mambo kwanza ni macho. Lisbon, mwaka 1927, Egas Moniz alikuwa akitafuta namna ya kuiona mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai kwa eksirei. Damu haionekani kwenye picha hizo. Ilibidi ichanganywe na kitu kinachozuia miali. Mikono yake ilikuwa imeharibika kwa jongo, kwa hiyo kazi ya kuchoma sindano kwenye ateri za shingo ilifanywa na msaidizi wake, Almeida Lima. Majaribio ya mwanzo, kwa dawa ya bromidi, yalishindikana, na mgonjwa mmoja alikufa. Wakahamia iodidi ya sodiamu, na tarehe 28 Juni 1927 picha ikatoka: ateri za ubongo zikionekana wazi kama matawi ya mti. Moniz baadaye alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi nyingine, ya kukata nyuzi za ubongo wa wagonjwa wa akili, ambayo wengi leo wanaitazama kwa uchungu. Naona ni hasara kwamba jina lake limefungwa na kazi hiyo, kwa maana picha ya mwaka 1927 imeokoa watu wasiohesabika.

Picha zikawapa wapasuaji ujasiri. Mwaka 1931 Norman Dott wa Edinburgh alifungua fuvu la mgonjwa ambaye aneurizimu yake ilikuwa imeshavuja zaidi ya mara moja, akachukua kipande cha msuli wa paja la mgonjwa huyohuyo na kuufunika nacho mshipa hadi damu ikakoma. Tarehe 23 Machi 1937, katika Hospitali ya Johns Hopkins, Walter Dandy aliweka klipu ndogo ya fedha kwenye shingo ya aneurizimu na kuitenga na mkondo wa damu. Mgonjwa alikwenda nyumbani. Upasuaji wa aneurizimu za kichwani ulianzia hapo.

Hata hivyo aneurizimu za Dott na Dandy zilikuwa zile za kawaida, zenye shingo ya kubana na ukuta unaoweza kustahimili chuma. Ya maambukizi mara nyingi haina shingo. Ateri nzima imefutuka pande zote. Ukuta wake umelainika kwa usaha, na ukiubana unachanika. Mgonjwa mwenyewe ana homa, moyo wake unavuja, damu yake imejaa bakteria. Hata mpasuaji akifaulu kuiondoa aneurizimu moja, valvu iliyoileta bado inamegua vipande, na kesho vinaweza kuzaa nyingine. Kisu kilikuwa kikifika mwisho wa njia wakati ugonjwa uko mwanzoni mwake.

Dawa ya kufika mwanzoni ni penisilini, na namna ilivyofika kwa wagonjwa wa moyo ni sehemu ya historia hii inayonigusa kuliko zote. Alexander Fleming aliiona kazi ya kuvu yake mwaka 1928. Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley wa Oxford waliithibitisha kwa panya tarehe 25 Mei 1940: panya wanne waliopewa dawa waliokoka, wanne ambao hawakupewa walikufa usiku huohuo. Huko New York, daktari Martin Henry Dawson, mzaliwa wa Nova Scotia, alisoma taarifa hizo na hakungoja. Pamoja na Karl Meyer na Gladys Hobby wa Chuo Kikuu cha Columbia, alitengeneza penisilini yake, na Oktoba 1940 akaanza kuwachoma wagonjwa wa endokaditisi. Dawa ilikuwa kidogo mno kuweza kuponya. Dawson mwenyewe alikuwa akiugua maradhi ya kudhoofika kwa misuli, na alifariki mwaka 1945, vita ikielekea ukingoni.

Vita ndiyo iliyokuwa kikwazo. Penisilini ilihitajika kwa askari, na kamati ya Marekani iliyosimamia mgawo, chini ya Chester Keefer, ilipima matokeo ya mwanzo ya ugonjwa huu wa moyo mwaka 1943 na kuyaona duni. Wagonjwa hao wakawekwa nje ya mgawo. Kwa hesabu za vita uamuzi huo unaeleweka: dozi ya mgonjwa mmoja wa moyo ingetibu majeruhi wengi. Lakini ulijengwa juu ya kosa, kwa kuwa dozi zilizojaribiwa zilikuwa ndogo. Bakteria wa endokaditisi wamejificha ndani kabisa ya kijinyama, wamefunikwa na nyuzi za damu iliyoganda, na valvu haina mishipa yake ya kuwapelekea askari wa mwili. Dawa lazima iwe nyingi na iendelee kuwamo damuni mchana na usiku, kwa majuma.

Leo Loewe, wa Hospitali ya Wayahudi ya Brooklyn, alilielewa hilo. Alimwendea John L. Smith, mmoja wa wakuu wa kampuni ya Pfizer iliyokuwa na kiwanda mtaani humohumo, akamwomba penisilini iliyo nje ya mgawo. Smith alikwenda mwenyewe kuwaona wagonjwa wodini, kisha akakubali. Loewe aliwawekea dripu iliyotiririka bila kukatika, akachanganya na heparini ya kuifanya damu isigande. Januari 1944 alichapisha taarifa ya wagonjwa 7, na matokeo yake yalikuwa mazuri kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana katika ugonjwa huo. Heparini ilikuja kuachwa: penisilini ikiwa ya kutosha ilifanya kazi peke yake, na kuifanya damu kuwa nyepesi ni hatari kubwa kwa mtu ambaye pengine ana mshipa uliotuna kichwani. Tarehe 1 Machi 1944 Pfizer ilifungua kiwanda kipya huko Brooklyn cha kuchachusha penisilini katika matangi makubwa, na uhaba ukaanza kuisha.

Kwa mara ya kwanza watu wengi walipona endokaditisi. Na kwa kuwa walipona, sura mpya ya ugonjwa ikajitokeza. Zamani mgonjwa alikufa kabla aneurizimu yake haijapata nafasi ya kutangaza habari zake, au maradhi ya moyo na aneurizimu vilimwua kwa pamoja. Sasa mtu angeweza kumaliza majuma yake ya sindano, homa ikaisha, damu ikaoteshwa na isiote kitu, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha akaumwa kichwa ghafla na kuanguka. Bakteria walikuwa wamekufa lakini ukuta waliouharibu haukuwa umejengeka upya. Madaktari wa miaka ya 1950 na 1960 wakajikuta na maswali mapya: dawa inatosha? Tukate? Na kama ni kukata, lini?

Majibu yalianza kupatikana katika miaka ya 1970. Gaetano Molinari na wenzake nchini Marekani waliwatia mbwa vipande vidogo vilivyopakwa bakteria kwenye ateri ziendazo kichwani, wakaona aneurizimu zikizuka ndani ya siku chache tu. Waligundua pia kwamba uharibifu haukuanzia pale damu inapopita. Maambukizi yalitokea nje ya mshipa, kwenye nafasi inayouzunguka, na kuula ukuta kuelekea ndani. Mbwa waliopewa antibayotiki walichelewa kupata aneurizimu. Kwa daktari wa wodini ujumbe ulikuwa mzito: picha safi ya Jumatatu si ushahidi wa Ijumaa.

Mwaka 1977 William Bingham aliwakusanya wagonjwa waliotibiwa kwa dawa na kupigwa picha za mishipa mara kwa mara. Baadhi ya aneurizimu zilitoweka zenyewe, nyingine zilipungua, nyingine zilibaki vilevile, na kuna zilizokua mgonjwa akiwa katikati ya tiba sahihi kabisa. Mwaka uliofuata George Bohmfalk na wenzake wa Texas wakachapisha mapitio mapana ya taarifa zilizokuwa zimetolewa tangu miaka ya 1950. Kutoka kazi za namna hiyo ndipo ulipotokea utaratibu ambao kwa sehemu kubwa unafuatwa mpaka sasa. Kila mgonjwa apewe antibayotiki kwa mshipa, majuma 4 hadi 6 au zaidi, kulingana na mdudu aliyeoteshwa. Aneurizimu isiyopasuka ifuatwe kwa picha kila baada ya siku kadhaa au juma moja hadi mawili. Ikipungua, iachwe iishe. Ikikua, au ikikaa bila kubadilika baada ya dawa, au ikipasuka, iingiliwe. Kungoja kwenyewe kuna faida yake kwa mpasuaji: majuma machache ya dawa huukomaza ukuta, ukapata kovu, na pale ambapo ungechanika kwa kuguswa sasa unaweza kushikwa.

Kungoja huko kuna bei. Aneurizimu ya maambukizi ikipasuka, taarifa za zamani zilitaja vifo vya hadi wagonjwa 80 kati ya 100. Daktari anayeamua kungoja anakaa na namba hiyo kila usiku. Naheshimu sana madaktari hao, kwa kuwa wakati mwingine kujizuia kukata kunadai moyo mgumu kuliko kukata.

Katika muongo huohuo wa 1970 mashine mpya ilirahisisha kufuatilia. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley jijini London, kichwa cha mgonjwa wa kwanza kilipigwa picha kwa mashine ya CT skani iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Hesabu za kuunda picha za namna hiyo alikuwa amezifikiria pia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akisimamia kazi za mionzi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Wawili hao waligawana Nobeli mwaka 1979. Damu iliyovujia ubongoni, ambayo zamani ilikisiwa kwa dalili na kwa maji ya uti wa mgongo, sasa ilionekana kwa dakika chache. Baadaye CT na MRI za mishipa zikawezesha kutazama ateri zenyewe bila kupitisha mpira mwembamba ndani ya mishipa. Hata hivyo aneurizimu hizi ni ndogo na ziko mbali kwenye matawi, na ndogo kabisa bado huonekana vizuri zaidi kwa njia ya Moniz.

Njia hiyohiyo ya Moniz ilikuja kuwa mlango wa tiba. Moscow, katika Taasisi ya Burdenko, Fedor Serbinenko alipitisha ndani ya ateri vipulizo vidogo vinavyoweza kuachwa humo ili kuziba mshipa, na mwaka 1974 akaueleza ulimwengu uzoefu wake. Kisha akaja Guido Guglielmi, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Yeye na wenzake walitengeneza koili laini za platinamu, zinazosukumwa ndani ya aneurizimu kupitia mpira mwembamba sana unaoingizwa kwenye kinena na kupandishwa hadi kichwani. Koili ikishakaa vizuri, umeme mdogo hupitishwa, kiungo kinayeyuka na koili inabaki. Tarehe 6 Machi 1990 mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo, na mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha.

Kwa aneurizimu za maambukizi kulikuwa na woga wa haki: kuweka chuma kigeni mahali penye bakteria ni kuwapa makao. Mazoea ya upasuaji yote yanakataza. Lakini wagonjwa wengine walikuwa hawana njia nyingine. Moyo wao haungevumilia fuvu kufunguliwa. Taarifa moja moja zikaanza kutoka, kisha makundi madogo ya wagonjwa, na ikaonekana kwamba mtu akiwa chini ya antibayotiki koili na gundi ya tiba mara chache huzua maambukizi mapya. Gundi inafaa hasa kwa matawi madogo: inamwagwa kidogo, inaganda, na aneurizimu pamoja na kipande cha ateri kinachoilisha vinafungwa kwa pamoja. Swali linalobaki ni kipande hicho cha ateri kililisha sehemu gani ya ubongo. Kabla ya kufunga, daktari anaweza kuchoma kupitia mpira uleule dawa ya usingizi ya muda mfupi, kisha akamwomba mgonjwa aliye macho aseme jina lake, ataje vitu, ainue mkono. Kauli ikikatika, tawi hilo halifungwi. Itabidi fuvu lifunguliwe na mkondo wa damu uunganishwe kwa ateri nyingine.

Na moyo? Valvu iliyoharibika mara nyingi inahitaji kubadilishwa. Tangu miaka ya 1960 wapasuaji wamethubutu kufanya hivyo hata kabla maambukizi hayajaisha, pale mgonjwa anapozama kwa moyo kushindwa kazi. Mashine inayosukuma damu wakati wa upasuaji huo inadai heparini nyingi, na heparini nyingi kwa mtu mwenye aneurizimu kichwani inaweza kumwua mezani. Kwa hiyo aneurizimu iliyopasuka hufungwa kwanza, na baada ya damu kuvujia ubongoni upasuaji wa moyo huahirishwa kwa majuma kama manne iwapo mgonjwa anaweza kusubiri. Koili na gundi zilibadilisha mpangilio huu, kwa kuwa baada ya kichwa kutibiwa kwa mpira moyo unaweza kushughulikiwa mapema zaidi kuliko baada ya fuvu kufunguliwa. Daktari wa moyo, wa ubongo, wa mionzi na wa maambukizi wanalazimika kukaa meza moja, jambo ambalo Church peke yake na maiti zake aliligusa kwa mbali.

Katika Afrika Mashariki historia hii ina mkato wake. Kwetu valvu nyingi huharibika utotoni. Mtoto anapata mafindofindo ya streptokokasi, hayatibiwi, mwili unapopambana unajigeuzia silaha zake wenyewe, homa ya baridi yabisi inaingia na kuacha makovu kwenye valvu. Juu ya kovu ndipo bakteria wa baadaye hukaa, wakitoka kwenye jino bovu au kidonda cha ngozi. Zaidi ya hayo, wengi wetu tukipata homa tunapita kwanza duka la dawa na kununua vidonge vya antibayotiki vya siku mbili tatu. Homa inashuka, mdudu haonekani tena damu ikioteshwa, na yeye bado yumo ndani ya kijinyama. Daktari anapoteza jina la adui wakati anapolihitaji zaidi. Vyumba vya kupitishia koili kichwani ni vichache, na kwa mgonjwa wa wilayani tiba halisi ni dripu ya dawa, uangalizi wa karibu, na barua ya rufaa iliyoandikwa mapema.

Ndiyo maana sura ya historia hii ninayoipa uzito mkubwa ilifanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, mbali na chumba chochote cha upasuaji wa ubongo. Watafiti wakiongozwa na Andrea Beaton na Emmy Okello walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000 kwa kipimo cha eko, wakiwatafuta wale ambao valvu zao zimeanza kuharibika bila wao kuhisi lolote. Watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini ya benzathini kila majuma manne, jingine halikuchomwa. Matokeo yalichapishwa kati ya mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022. Baada ya miaka miwili, katika kundi lisilochomwa ugonjwa wa valvu ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 33, na katika kundi lililochomwa, kwa watoto 3.